Mwanangu ana ofa ya chuo, na bwana mmoja anataka arudie gredi ya 11

Mjomba,

Pokea salamu kutoka Fort Worth, Texas. Sisi ni Wakongo wa Uvira, tulikaa Kakuma miaka tisa, tukaletwa Marekani Juni 2023. Nina watoto watano. Ninayekuandikia habari zake ni wa pili, tumwite Baraka.

Kule Kakuma Baraka aliingia Kidato cha Kwanza Februari 2023, na alikuwa hajamaliza muhula wa pili tulipopata ndege. Tulipofika hapa, Agosti wakamwingiza gredi ya 9. Sasa yuko ya 11. Kwenye makaratasi amezaliwa 1 Januari 2008, maana unajua mwenyewe, sisi wakimbizi nusu yetu tulizaliwa siku moja. Mimi nakumbuka nilimzaa wakati wa kiangazi, tarehe ndiyo sina.

Ni mtoto mwenye mwili. Mlango wa chumba chake anauingia kwa kuinama. Mwaka jana kocha alimwona kwenye korido ya shule akamwuliza mbona hachezi futiboli, hii yao ya helmeti na mabega ya plastiki. Hakuwahi kuushika ule mpira maishani. Leo anacheza mstari wa mbele wa ulinzi, kazi yake ni kumkimbiza yule anayerusha mpira mpaka amlaze chini. Mimi Ijumaa usiku nakaa jukwaani, watu wakisimama nasimama, wakikaa nakaa. Lakini wanaojua wanasema mtoto anaweza.

Mwezi wa tisa akanionyesha simu huku machozi yanamtoka. Kocha wa chuo kimoja kamwandikia kwamba wanampa ofa. Akaiweka kwenye mitandao, kanisa zima likanipigia simu.

Wiki mbili baadaye akaja bwana mmoja anayejiita mshauri wa wachezaji. Alikaa meza yangu ya jikoni, akala sambusa nne, akafungua faili linalong'aa. Anasema Baraka amechelewa kuanza mchezo, kwa hiyo atoke shule aliyopo, aingie shule ya kulipia ambayo yeye anaijua, arudie gredi ya 11 ili akomae mwili. Anataka dola 3,500 sasa hivi, na Baraka akipata skolashipu tumpe asilimia 10 ya thamani yake. Nilipomwambia kwamba hakuzaliwa Januari alifurahi sana, akasema tarehe tunaweza "kuirekebisha" iwe 2009. Mkataba ameuacha hapa, Jumamosi anarudi kuchukua sahihi.

Baba Baraka hataki kusikia. Anasema mtoto hakuokoka vita ili aje kugonganisha kichwa kwa hiari, amalize shule achukue leseni ya malori kama wenzake. Mimi niko katikati. Ofa hii ni ofa kweli? Tulipe? Arudie darasa?

Mama Baraka, Fort Worth

*

Mama Baraka, salamu zimefika.

Nianze na huo mkataba kwa sababu Jumamosi iko karibu. Usiusaini, na Baraka asiusaini. Dola 3,500 ni hasara ya mfukoni, ungezililia ukazisahau. Hatari yenyewe iko kwenye ile asilimia 10. NCAA, chama kinachosimamia michezo katika vyuo vingi vya Marekani, humruhusu mtu kulipwa ada ya kawaida kwa kumtengenezea mchezaji video au kumtumia wasifu wake kwa makocha. Ila malipo yakifungwa kwenye kupata skolashipu, ukipata nilipe, usipopata basi, mlipwaji anahesabiwa kuwa wakala, na mchezaji aliyekubali wakala wa namna hiyo anaweza kuzuiwa kucheza chuo. Yaani karatasi aliyoiacha mezani kwako ndiyo inayoweza kuifunga njia anayodai kuifungua. Ama bwana huyu hajui kanuni, ama anazijua na hajali. Kwa vyovyote sambusa zako zimeliwa bure.

Sasa kurudia darasa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona familia zetu nyingi zinaumia hapa. Nimefanya ukalimani kwenye shule za huku miaka mingi, na wazo la kumrudisha mtoto nyuma mwaka mmoja ili awe mkubwa kuliko wenzake nimelisikia kwa lugha nne. Wamarekani wenyewe hulifanya, lakini wanaojua huwarudisha watoto kabla ya gredi ya 9. Mtoto akishaingia gredi ya 9, saa imeanza kuhesabu na haisimami. Kwa daraja la juu la NCAA, liitwalo Division I, anatakiwa kukamilisha masomo 16 ya msingi ndani ya miaka minne tangu mwaka wa tisa wa shule. Akihitimu kwa wakati wake anaruhusiwa kuongeza somo moja tu baadaye. Akirudia gredi ya 11, masomo ya ule mwaka wa tano hayatamsaidia kwa hesabu hiyo hata akipata A tupu. Misuli itakuwa imeongezeka, na masomo yatakuwa yamebaki palepale.

Na Texas nayo ina saa yake. UIL, wasimamizi wa michezo ya shule za umma za jimbo, wanampa mwanafunzi miaka minne mfululizo ya kucheza tangu aingie gredi ya 9. Mwaka wa tano hachezi. Akihama shule kwa sababu ya michezo, anaweza kukaa nje ya timu kubwa mwaka mzima. Ndiyo maana bwana yule anataka shule ya kulipia: ameshajua kwamba za umma hazitampokea kwa mpango wake.

Kuna jambo umeliandika kwa kupita na mimi limenishtua kidogo. Ile Februari ya Kakuma. Saa ya NCAA haianzii Texas, inaanzia mwaka wa tisa wa shule popote mtoto alipousoma. Kwa mfumo wa Kenya aliousoma Baraka, miaka minane ya msingi kisha sekondari, mwaka wa tisa ni Kidato cha Kwanza. Kwa hiyo wakipiga hesabu, wanaweza kuona miaka yake minne ilianza Februari 2023, ilhali hapa anatarajiwa kuhitimu Mei 2027. Ni miezi michache, lakini ni miezi inayotakiwa kuelezwa mapema. Usiifiche. Fomu zao zinauliza kila shule aliyosoma tangu mwaka wa tisa, na anayegundulika kuruka shule moja huonekana mwongo hata kama alisahau. Tafuta ripoti ya ule muhula. Kama haipo, waandikie waliobaki Kakuma wamwombe mwalimu mkuu barua yenye muhuri inayosema alianza lini na kuondoka lini. Sababu yenu ya kuhama inaeleweka kwa yeyote, na chuo kinachomtaka mchezaji kinaweza kumwombea msamaha wa kanuni kwa hali kama hiyo. Lakini chuo hakiwezi kuomba msamaha wa jambo kisilolijua.

Tarehe ya kuzaliwa usiiguse kwa ajili ya mpira. Iko kwenye faili lenu la uhamiaji, na hapo mchezo unageuka kesi. Tena haina faida yoyote: UIL wanataka mchezaji awe chini ya miaka 19 ifikapo 1 Septemba. Kwa hiyo tarehe iliyopo, 1 Septemba 2026 Baraka atakuwa na 18. Hana tatizo la umri. Aliyekuambia analo alikuwa anauza dawa ya ugonjwa usiokuwepo.

Ugonjwa uliopo, kama upo, uko kwenye karatasi ambayo hukuitaja hata mara moja katika barua yako: transkripti, ile orodha ya masomo na alama zake tangu gredi ya 9. Mpwa wangu alikuwa mkimbiaji wa mpira, kasi yake ilikuwa ya swala. Makocha walikuja mpaka nyumbani kwa dada yangu. Gredi ya 12, mwezi wa kumi, ndipo mtu wa chuo alipokaa na transkripti yake na kalamu ya wino mwekundu. Akaweka alama ya kukata kwenye Kiingereza cha mwaka wa kwanza, kile cha wanaoanza lugha. Akaweka kwenye hesabu moja iliyokuwa chini ya Algebra. Akaweka kwenye somo jingine ambalo sote tulidhani ni sayansi. Kijana alikuwa anahitimu bila wasiwasi, krediti zote anazo, lakini za kuhitimu sekondari na za NCAA ni vitabu viwili tofauti. Wale makocha hatukuwaona tena.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika yale masomo 16, manne ni Kiingereza, matatu hesabu kuanzia Algebra I, mawili sayansi, mawili maarifa ya jamii, moja la ziada kati ya Kiingereza, hesabu na sayansi, na manne ya kuchagua ambamo lugha ya kigeni inaingia. Kumi kati ya hayo lazima yawe yamekamilika kabla gredi ya 12 haijaanza, na saba katika hayo kumi yawe ya Kiingereza, hesabu au sayansi. Yakishafungwa, yamefungwa. Huwezi kurudia moja kati ya yale kumi ili kupandisha alama. Kwa Baraka mlango huo unafungwa Agosti 2026, yaani ana mwaka huu wa masomo na kiangazi kimoja. Wastani katika masomo hayo, siyo wastani wa shule yote, usipungue 2.3 kwa kipimo cha 4. Mtihani wa kuombea chuo, SAT au ACT, hautakiwi tena kwa kanuni za NCAA tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuutaka.

Na hapa Texas kuna mtego wake. Sheria ya tangu 1984 inasema asiyefaulu hachezi: chini ya 70 katika somo, unakaa nje angalau wiki tatu. Sheria nzuri. Lakini watoto wameielewa kwamba 70 inatosha. Sabini inamruhusu kuvaa jezi Ijumaa. Kwenye hesabu ya chuo hiyo ni C ya mwisho, shule nyingine huiita D, na C tupu mwanzo hadi mwisho ni 2.0. Baraka anaweza kucheza kila Ijumaa kwa miaka mitatu na bado asifuzu.

Turudi kwenye ofa, maana najua ndiyo unayotaka kuisikia. Ujumbe wa simu ni maneno. Haumfungi kocha, haumfungi mtoto. Ofa ya maandishi chuo kinaruhusiwa kuitoa kuanzia 1 Agosti ya kuingia gredi ya 12, kwa Baraka ni Agosti 2026. Kusaini kwenyewe ni mwanzoni mwa Desemba, na wanaobaki husaini kuanzia Jumatano ya kwanza ya Februari. Zamani walisaini hati moja ya taifa zima iliyoanza 1964, ikafutwa Oktoba 2024. Sasa kinachosainiwa ni mkataba wa msaada wa fedha na chuo chenyewe. Mpaka siku hiyo kocha anaweza kuwa ametuma ujumbe kama huo kwa vijana wengi kuliko nafasi alizonazo, na wengi hufanya hivyo. Baraka ajifunze kuuliza swali moja, kwa adabu, ana kwa ana: "Kocha, nikikubali leo, nafasi ni yangu?" Asikilize jibu linavyoanza. Likianza na "tunakupenda sana", basi bado.

Nafasi zenyewe zimebanwa. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na vyuo vilivyoingia humo timu ya futiboli haizidi watu 105. Wale waliokuwa wakiingia bila skolashipu, wakivumilia benchi wakisubiri bahati, wengi wamekosa pa kukaa. Halafu tangu 2024 mwanachuo anaweza kuhama chuo kila mwaka bila kukaa nje msimu, alimradi masomo yake yamo. Jiweke kwenye kiti cha kocha anayetaka kushinda msimu huu: amchukue kijana wa miaka 18 aliyeanza mchezo juzi, au mtu wa miaka 21 aliyekwisha kuonekana akicheza chuo kingine? Wakati huohuo, walioko vyuoni wanapigania mahakamani kuongezewa miaka ya kucheza. Kanuni, ninapoandika haya, ni misimu minne ndani ya miaka mitano tangu kujiandikisha chuo. Desemba 2024 Diego Pavia, mchezaji wa chuo cha Vanderbilt, alipata amri ya jaji kwamba mwaka wake katika chuo cha miaka miwili usimzuie, na wengine wakafuata njia hiyo. Kila anayebaki ni kiti kimoja kisichomfikia mwanao. Nayaandika haya Oktoba 2025, na kwa mwendo huu kila Agosti msome kanuni upya.

Simwambii asijaribu. Tamba Hali alikimbia vita Liberia akiwa mtoto, akaujua mchezo huu sekondari New Jersey, akacheza chuo cha Penn State, na 2006 timu ya kulipwa ya Kansas City Chiefs ikamchukua raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji. Alicheza hapo hapo pa Baraka, kumkimbiza mrusha mpira. Yametokea. Ila vijana wanaocheza sekondari Marekani ni kama milioni moja, na wanaoendelea chuo cha daraja lolote ni takriban saba katika kila mia.

Ndiyo maana nasisitiza hilo neno, daraja lolote. Division II nayo hutoa skolashipu, japo mara nyingi za sehemu. Nayo inataka masomo 16, ila mgawanyo wake ni tofauti kidogo, kwa wastani wa 2.2, lakini haina ile kanuni ya kumi kabla ya gredi ya 12, na masomo yanaweza kukamilishwa wakati wowote kabla ya kuanza chuo. Kama miezi ya Kakuma itamletea shida Division I, huku haimletei. Division III haitoi pesa za michezo kabisa, hutoa za masomo na za uhitaji. Na Texas mna bahati ya vyuo vya miaka miwili vyenye futiboli kali, Kilgore, Tyler, Navarro kule Corsicana. Kijana aliyechelewa kuanza hukua hapo miaka miwili akiwa anasoma. Huko ndiko kukomaa, siyo kurudia gredi ya 11. Nyote mkiwa wakimbizi halali, Baraka ana haki ya msaada wa serikali wa masomo, fomu ya FAFSA hujazwa kuanzia Oktoba ya gredi ya 12. Ruzuku ya serikali iitwayo Pell ilifika dola 7,395 kwa mwaka wa masomo wa 2025-26, na hairudishwi. Hiyo haimtegemei kocha yeyote.

Kwa Baba Baraka, mpe salamu zangu na umwambie hofu yake ya kichwa ni ya haki, wala asicheke mtu. Aende mwenyewe kwa mtaalamu wa tiba ya michezo wa shule, aulize mtoto akigongwa kichwa nani anamtoa uwanjani na nani anamruhusu kurudi. Kuhusu malori, leseni ya kuvuka majimbo haiendeshewi kabla ya miaka 21. Kwa hiyo chuo hakimwibii lori lake.

Sasa fanya hivi. Jumatatu piga simu ofisi ya kaunsela wa shule, omba miadi, sema unataka transkripti ya Baraka na orodha ya masomo ya shule hiyo yaliyokubaliwa na NCAA. Kila shule ina orodha yake, iko wazi kwenye intaneti, haina ada. Ziwekwe mezani pamoja, mstari kwa mstari, na ile ya Kiingereza cha gredi ya 9 ianze. Kukipatikana pengo, uliza kiangazi cha 2026 atalijaza wapi. Baraka afungue akaunti kwenye kituo cha ustahiki cha NCAA. Ada ipo, lakini mtoto anayekula chakula cha bure shuleni husamehewa, kaunsela ndiye anayethibitisha.

Na ukiomba miadi, omba mkalimani wa Kiswahili hapo hapo. Shule inatakiwa kukupatia na haulipi kitu. Wakikuambia kwamba Baraka anajua Kiingereza kizuri atakutafsiria, kataa. Nimewahi kuingia chumba ambamo mtoto alikuwa amemtafsiria mama yake alama za mwaka mzima, na mama alikuwa ameleta keki.

Mjomba